Herufi U katika Jina la Usumbura

Tunapofundisha historia ya Kiswahili, aghalabu tunaanzia Kilwa, Mombasa, Lamu na Unguja, kana kwamba lugha hii iliishia kwenye maji ya chumvi. Katika makala haya tunapendekeza kuanzia kwenye bandari yetu wenyewe, na hasa kwenye jina lake la zamani.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Hapo barabara ilikwisha, lakini biashara haikukwisha. Mitumbwi ilipanda kaskazini ikiwa na nguo, shanga na chumvi ya Uvinza, ikarudi na mafuta ya mawese, pembe za ndovu na, lazima tuseme, watumwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliipanda njia hiyo hadi Uvira. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipita hapa kwetu, Uzige, wakathibitisha kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki.

Ebu tutazame majina hayo: Uvira, Uzige, Ujiji. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton anaandika Urundi, si Burundi. Mrundi husema bu-. Mswahili, ambaye lugha yake imeidondosha b hiyo, husema u-. Ndivyo Buganda ilivyokuwa Uganda. Kwa hiyo wageni hao waliandika nchi yetu kama walivyoisikia kwa wapagazi na wakalimani wao. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi katika miaka ya 1890, wakakiita Usumbura, walikuta matamshi hayo yameshazoeleka. (Suala la j na s tunawaachia wenzetu wa fonolojia.)

Jambo hili si dogo. Wapo wanafunzi wetu wanaoona haya kuzungumza Kiswahili nje ya darasa, kwa kuwa mitaani neno "Mswahili" bado hutumika kwa maana ya mjanja au mwongo. Dhana hiyo ina chanzo. Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, alijaribu kuiteka Uzige akazuiwa, na himaya ya Mwezi Gisabo haikupenyeka. Kiswahili kikabaki ufukweni, Rumonge na Bujumbura, kikahesabiwa lugha ya wapitaji. Askari wa Kijerumani, kisha Wabelgiji kuanzia mwaka 1916, wakaongezea sababu zao. Lakini wapitaji hao walioa, wakazaa, wakazikwa hapa. Wajukuu wao wako Buyenzi, na Kirundi wanakijua barabara.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, meli zikachukua nafasi ya mitumbwi, lakini njia ikabaki ileile. Mwaka 1962, pamoja na uhuru, Urundi ikawa Burundi, na Usumbura ikawa Bujumbura. Ng'ambo ya ziwa, Uvira bado inaandikwa kwa U.