Nani anashika swichi ya injini yako?

Mpango wa kubomoa nyumba za zamani za Eastlands na kuinua maghorofa mahali pake umeitaja pia Ziwani, mtaa uliojengwa na baraza la manispaa miaka ya 1940, na mjadala wote umehusu kodi na nani atapewa nyumba mpya. Ni mjadala wa haki. Lakini mtaa huu umekaa pia katikati ya historia ya injini, nayo haizungumzwi. Mashariki yake uko uwanja wa Eastleigh, uliotumiwa na Jeshi la Anga la Uingereza na kuwa kiwanja kikuu cha ndege cha Nairobi hadi Embakasi ilipochukua nafasi yake mwaka 1958. Magharibi iko Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, mtaa wa vipuri na gereji. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929 kwa ndege aina ya Gipsy Moth, injini iliwashwa na mtu aliyesimama mbele yake akizungusha pangaboi kwa mkono. Leo injini huamriwa kwa meseji na mtu asiyeonekana. Aliyeshika swichi hiyo ndiye anayeamua mengi kuliko mwenye chombo.

Swichi ya mbali ina maana tofauti kabisa katika nchi za theluji. Huko kaskazini mwa Kanada na Alaska, marubani wa zamani walikuwa wakimwaga oili yote jioni, wakailaza ndani ya nyumba, na alfajiri wakaipasha kwenye jiko. Kisha waliifunika injini kwa turubai hadi chini, wakaweka moto wa stovu humo, na mtu akakaa ndani akiulinda kwa saa nzima au zaidi, kwa sababu turubai likishika moto ndege nayo imekwenda. Halikuwa pozi la kishujaa. Oili iliyoganda haifiki kwenye beringi, na vyuma vya aina mbalimbali hunywea kwa kiasi tofauti, hivyo dakika ya kwanza ya kuwasha inaweza kuila injini kuliko safari nyingi. Watengenezaji wakubwa, Continental na Lycoming, wanataka injini ipashwe joto kunapokuwa na baridi ya takriban nyuzi 7 hadi 12 chini ya sifuri, kutegemea aina. Sasa kazi ya moto ule inafanywa na hita ndogo za umeme zilizobandikwa kwenye tangi la oili na kwenye silinda, zikiunganishwa na kisanduku chenye laini ya simu na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Rubani yuko kitandani, anatuma meseji, na akifika uwanjani injini ina joto.

Msomaji atauliza hayo yanatuhusu nini, maana hata Julai Nairobi haifiki sifuri. Kweli, hita hatuihitaji. Lakini laini ile ile ya simu na rilei ile ile tumekuwa nazo miaka mingi, na matumizi yetu yamekuwa kinyume: kuzima. Fundi hukata waya wa pampu ya mafuta, akapachika rilei katikati, akaificha nyuma ya dashibodi. Meseji moja na gari haliwaki. Mwanzoni tulielezwa ni kinga dhidi ya wezi, nayo ni kinga kweli. Kisha wakopeshaji wa rehani ya logbuku wakaipenda. M-KOPA, iliyoanza kuuza sola kwa mkopo mwaka 2012, miaka mitano baada ya M-Pesa, iliipeleka nyumbani: mteja alilipa shilingi 40 kwa siku kwa simu, na asipolipa taa zilifungwa kutoka mbali. Baadaye zikafuata simu za mkopo, zinazojifunga mkononi mwa mwenyewe.

Watetezi husema bila kufuli hiyo mama wa kibanda asingepata sola wala simu, kwa kuwa hana hati ya shamba wala payslipu. Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau hajui benki zilivyowafungia watu mlango. Hata hivyo haijibu swali la mamlaka. Rubani wa Alaska anaamuru injini yake mwenyewe, ilhali dereva wa teksi hapa anaamuriwa na mwingine, na gari likizimwa akiwa kazini mapato yake yanazimika nalo, ya kulipia deni yakiwemo. Benki Kuu ilipata kanuni za kusimamia wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Kanuni za swichi zinafaa kufuata: notisi kabla ya kuzima, marufuku ya kuzima chombo kikiwa barabarani, na rilei kuondolewa deni likiisha. Wewe unayetia sahihi leo, uliza kwanza kama kifaa hicho kitafunguliwa siku ya malipo ya mwisho, na ujibiwe kwa maandishi.