UZI: Kile kidude kinacholia mkutanoni, kimegundua nini hasa?

1. Kila msimu wa siasa ukipamba moto huku kwetu, kuna kauli moja lazima isikike: "tunasikilizwa." Mara chumba cha mkutano kimetegwa kinasa sauti, mara simu za fulani zinafuatiliwa. Na siku hizi hakosi mtu wa kutoa mfukoni kidude chenye antena fupi na taa nyekundu. Anakipitisha ukutani, chini ya meza, kwenye mikoba. Kikilia tu, watu wanaona kesi imeisha.

Leo hatuongelei nani anamsikiliza nani. Tunaongelea kidude chenyewe: kilitoka wapi, kinajua nini, na kwa nini mara nyingi kinamnyooshea kidole mtu asiye na kosa.

2. Niseme kwanza kwa nini jambo hili linanichoma. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha wakazi, ukumbi mdogo tu, ajenda ni kiwanja cha umma kilichozungushiwa mabati usiku. Kabla hatujaanza, jamaa mmoja akapita na kidude. Kikanyamaza, kikanyamaza, halafu kikalia kwa fujo karibu na mkoba wa mama aliyekuwa anatuandalia chai. Akaambiwa atoke. Akatoka na aibu yake, birika likabaki mezani. Ndani ya mkoba kulikuwa na mulika mwizi yake, basi.

Jioni hiyohiyo sauti ya kikao chetu ilikuwa inazunguka WhatsApp. Aliyerekodi alikuwa ameketi nasi mwanzo hadi mwisho. Shikilia hapo, tutarudi.

3. Twende nyuma kidogo. Kifaa cha kwanza cha aina hii hakikuwa hata na betri. Kati ya 1886 na 1888, mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwanafizikia Heinrich Hertz alitaka kuthibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo kweli na yanasafiri hewani. Upande mmoja aliweka mtambo wa kutoa cheche. Upande wa pili alitumia kitanzi cha waya chenye pengo dogo sana. Kitanzi kikikutana na wimbi, cheche ndogo inaruka kwenye pengo, ndogo kiasi kwamba ilibidi atazame gizani ili aione.

Cheche ile ilimwambia jambo moja tu: hapa pana wimbi. Nani amelituma, limebeba nini, haikusema. Zaidi ya miaka 130 baadaye, kidude cha mfukoni bado hakijavuka sana mpaka huo.

4. Kinavyofanya kazi ni rahisi. Antena inapokea mawimbi yote yaliyo karibu, mchanganyiko wa Wi-Fi, simu, redio, kila kitu. Saketi ya ndani inageuza nguvu ya mawimbi hayo kuwa umeme kidogo, na umeme huo unawasha taa au mlio. Ukikisogeza karibu na chanzo, taa zinaongezeka, kwa sababu mawimbi yakisambaa hewani, umbali ukiwa mara mbili nguvu inabaki robo.

Ndiyo maana simu ndogo iliyo sentimita 20 kutoka kwa kidude inaweza kupiga kelele kuliko mnara mkubwa ulio kilomita moja. Kinachopimwa pale ni nguvu ya wimbi mahali uliposimama. Nia ya mwenye simu haina kipimo.

5. Sasa njoo kwenye Vita Vikuu vya Pili, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Majasusi wa Uingereza na wapiganaji wa chini kwa chini walituma taarifa London kwa redio ndogo zilizobebwa kwenye sanduku la nguo. Wajerumani wakaunda vikosi vya kuwasaka. Magari yenye antena yalipima mwelekeo wa wimbi kutoka sehemu mbili tatu, mistari ikachorwa kwenye ramani, na pale inapokutana ndipo mtaa wenyewe.

Lakini mtaa una nyumba nyingi. Hapo mtu alishuka garini akatembea kwa miguu, kifaa kimefungwa mwilini chini ya koti, kisikizi sikioni, na kipimo kimevaliwa mkononi kama saa. Ukimwona barabarani utadhani ni raia anaenda zake. Kwa mwendesha redio, kila dakika ya ziada hewani ilikuwa hatua moja karibu na kifo.

6. Mmoja wa waendeshaji hao alikuwa Noor Inayat Khan, binti wa mwanamuziki wa Kisufi kutoka India. Aliingia Ufaransa Juni 1943. Ndani ya muda mfupi wenzake wengi wakakamatwa. Yeye akabaki Paris, anahama nyumba hadi nyumba na redio yake, anatuma haraka na kuondoka. Miezi ikapita wasakaji hawajampata.

Alikamatwa Oktoba 1943, na si kwa sababu ya antena. Alisalitiwa na mtu. Aliuawa kambi ya Dachau Septemba 1944. Mitambo yote ile ilimkosa, na neno moja kutoka kinywa cha mtu likatosha.

7. Kisa cha pili ndicho kila mwenye kidude cha mfukoni anapaswa kukijua. Agosti 1945, Moscow. Watoto wa shule wa Kisovieti wanampa balozi wa Marekani zawadi: nembo kubwa ya taifa la Marekani, imechongwa kwa mbao, kazi safi kabisa. Utamkatalia mtoto zawadi? Ikatundikwa ukutani katika makao ya balozi. Ikakaa pale miaka saba.

Ndani yake kulikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Léon Theremin, yuleyule aliyevumbua ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa.

8. Ujanja ulikuwa huu: hakikuwa na betri, hakikuwa na waya wa umeme, na kikiachwa peke yake hakikutoa wimbi lolote. Wasovieti walipotaka kusikiliza, walirusha wimbi la redio kutoka nje ya jengo. Kiwambo chembamba ndani ya nembo kilitetemeka kwa sauti za waliokuwa chumbani, mtetemo ule ukabadilisha wimbi, nao wakalipokea likirudi na maneno yote.

Wakaguzi walipita mle ndani na vifaa vyao. Kama wakati huo hakuna anayerusha wimbi kutoka nje, wangegundua nini? Kimya. Na kimya wakakisoma kama usalama.

9. Kilichokuja kufichua mambo ni bahati. Mwaka 1951 mwendesha redio wa Uingereza mjini Moscow alisikia Wamarekani wakiongea hewani, mahali ambapo hawakupaswa kuwa. Msako ukaanza upya. Mwaka 1952 mafundi walimwomba balozi wa wakati huo aketi na kusoma waraka kwa sauti, kama anayemwandikisha katibu wake, ili wasikilizaji wasishtuke na wasizime mtambo. Yeye anasoma, fundi anapita na kifaa chake, hatua kwa hatua, hadi ukutani, hadi kwenye nembo. Wakaivunja. Ndani wakatoa kidude kisichozidi penseli sana.

Tazama vizuri. Kifaa cha kugundua kilisaidia, ndiyo. Lakini baada ya watu kujua wanatafuta nini, na wakati kinasa chenyewe kikiwa kazini. Kupita nacho dakika mbili kabla ya kikao ni maigizo.

10. Mfano wa karibuni, Norway. Desemba 2014 gazeti la Aftenposten lilizunguka katikati ya Oslo na vifaa vya kugundua minara bandia ya simu, ile inayojifanya mtandao wa kweli ili simu yako ijiunge nayo. Likaripoti dalili za minara hiyo karibu na bunge. Nchi ikatikisika. Mwaka 2015 idara ya usalama ikasema imechunguza na haikupata ushahidi wa minara hiyo, na kwamba ishara zile zingeweza kuwa na maelezo mengine ya kawaida. Gazeti lina wataalamu wake, idara ina wake, na ishara ni zilezile.

Kama Oslo, na wataalamu wote hao, walibishana, wewe na kidude cha sokoni utamhukumu mama wa chai kwa sekunde tatu?

11. Turudi nyumbani. Waliokuwa watu wazima miaka ya themanini watakwambia: siasa ilizungumzwa kwa sauti ya chini, baa unaangalia meza ya jirani, na ukiona sura ngeni unahamia stori za mpira. Watu waliwekwa kizuizini bila kesi. Vyumba vya Nyayo House si hadithi. Na masikio ya enzi ile yalikuwa zaidi ya watu: jirani, mwanafunzi mwenzako, mhudumu. Hakuna kidude ambacho kingelia wakikaribia.

Sumu ya zama zile haikuwa kusikilizwa peke yake. Ilikuwa kila mtu kumshuku mwenzake. Na hiyo ndiyo sumu kidude cha mfukoni kinairudisha kikitumiwa ovyo.

12. Halafu simu zikaja, na usikilizaji ukahama kutoka ukutani. Mwaka 2014 tovuti ya The Intercept, ikitumia nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, iliripoti kwamba shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa linakusanya taarifa za simu katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Kwa upande wetu zilitajwa taarifa kuhusu simu: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani.

Hebu sema ukweli: ni kidude gani cha kupitisha ukutani kingegundua hilo? Hakuna. Wimbi linalotoka kwenye simu yako linakuwa lilelile, usikilizwe au usisikilizwe. Vivyo hivyo programu ya kijasusi iliyopenyezwa ndani ya simu hutuma data kwa njia ya kawaida ya intaneti. Na anayerekodi huku simu yake imezimwa mtandao hatoi wimbi la kugunduliwa. Ndicho kilichotokea kikaoni kwetu.

13. Mwaka 2017 mjadala huu ulitua mezani kwetu wenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mfumo wake na mitandao ya simu, ikieleza kwamba lengo ni kunasa simu bandia na za wizi. Waliopinga walisema mlango ukishafunguliwa, nani atahakikisha hauingizwi kingine? Mamlaka ikakana kwamba mfumo ungesikiliza mtu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikausimamisha mpango. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Unaweza kuegemea upande wowote. Lakini ona mahali vita vilipopiganwa: mahakamani, kwa hati za kiapo. Hakuna aliyepita na antena.

14. Na tuwe wa haki, upande wa pili una hoja. Nchi iliyopitia Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015 haiwezi kusema ujasusi ni anasa. Ndiyo maana sheria haikukataza kusikiliza moja kwa moja. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, ikiwemo ya mawasiliano. Sheria ya ujasusi ya 2012 inataka idara iombe kibali cha Mahakama Kuu. Mwaka 2019 tukapata sheria ya kulinda data.

Kwa hiyo swali la maana kwenye mdahalo ni: kibali kilitolewa? Na jaji gani? Kwa muda gani? Na aliyesikilizwa bila kibali anapata haki wapi? "Asiye na makosa haogopi" si jibu. Mama wa chai hakuwa na makosa.

15. Basi siku nyingine mtu akisimama jukwaani na kidude kinacholia, muulize kwa heshima maswali matatu. Moja: umezima simu zote na Wi-Fi kabla ya kupima? Mbili: umekipata kifaa chenyewe, au umepata mlio tu? Tatu: kikinyamaza, utatuambia tuko salama kwa ushahidi gani? Akikosa majibu, mshukuru aketi.

16. Na yule mama? Wiki iliyofuata tulimwendea, watu wanne, tukamwomba msamaha. Akatusikiliza, akasema amesamehe. Lakini kutupikia chai hajarudi hadi leo, na ule mkoba tuliuona wote ukifunguliwa na kumwagwa mezani mbele za watu.

Tulikuwa tunalinda siri za kikao. Faragha ya kwanza kuvunjwa siku ile ilikuwa yake, na waliovunja ni sisi.

Mwisho wa uzi. Kama una swali, weka hapa chini. Matusi peleka kwingine.