Mistari ya Mwani Baharini

Mtu aliye ndani ya ngalawa mbali na pwani, akitupa kumbi la nazi majini, ataliona likipanda na kushuka pamoja na mawimbi. Wimbi lijapo hulisukuma mbele. Lipitapo hulivuta nyuma. Wimbi huenda zake, na kumbi husalia karibu na pale pale lilipokuwa. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba wimbi ni msafiri asiyechukua mzigo. Dhana hiyo si kweli, na wataalamu walihitaji karibu miaka 130 kuujua ukweli wake sawasawa.

Aliyeanza kuifichua siri hiyo kwa hesabu ni George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1847 alionyesha kwamba wimbi lipitapo, tone la maji huzunguka mfano wa gurudumu, lakini mzunguko wake haukamiliki. Likiwa juu, tone huenda mbele kwa nguvu. Likiwa chini, hurudi nyuma kwa nguvu iliyopungua kidogo, kwa kuwa mwendo wa maji hufifia kadiri kina kinavyozidi. Basi kwa kila wimbi, tone husogea mbele hatua ndogo. Msogeo huo ni mkubwa usoni pa bahari, na hupungua upesi kuelekea chini.

Miaka 80 ilipita. Agosti 1927, Irving Langmuir, mkemia wa Marekani, alikuwa akivuka bahari ya Atlantiki kwa meli kwenda Uingereza. Aliona mwani mwingi ukielea, umejipanga kwa mistari mirefu iliyofuata njia ya upepo. Kisha upepo ukageuka ghafla. Katika muda wa dakika 20 mistari ilikuwa imejipanga upya kuufuata. Bila shaka mabaharia wengi walikwisha kuona mistari ya namna hiyo tangu kale, wakapita. Langmuir hakupita. Alitaka kujua ni nguvu gani iupangayo mwani.

Aliporejea kwao aliendelea na uchunguzi katika ziwa liitwalo Lake George, jimbo la New York, akitia rangi majini na kutazama vitu vyepesi vinavyoelea. Akagundua kwamba maji hubingirika kama magogo marefu yaliyolazwa bega kwa bega kufuata upepo, moja likizunguka kulia na jirani yake kushoto. Pale maji ya magogo mawili yakutanapo usoni, huzama pamoja. Lakini mwani, kwa wepesi wake, hubaki juu ukafanya mstari. Habari hizo alizitangaza mwaka 1938. Aliujua upepo kuwa ndio chanzo, ila jinsi ulivyoifanya kazi hiyo hakuweza kuieleza.

Jibu lilipatikana mwaka 1976, naye Langmuir alikwisha kufariki mwaka 1957. Alex Craik na Sidney Leibovich waliirudia hesabu ya zamani ya Stokes. Upepo, walisema, huyavuta maji ya juu na kufanya mkondo. Mkondo huo ukikutana na ule msogeo mdogo wa mawimbi, ulio na nguvu juu na dhaifu chini, vizingia vidogo vilivyomo majini hulazwa na kunyoshwa hata vikawa magogo yale. Mkondo na mawimbi hushirikiana kuikoroga bahari.

Manufaa ya elimu hii si madogo. Maji yazamayo hupeleka joto na hewa chini. Yapandayo huleta ubaridi, na chakula cha mimea midogo ya baharini. Wataalamu wa hali ya hewa wakiisahau kazi ya mawimbi, hesabu zao hulionyesha tabaka la juu la Bahari ya Kusini, izungukayo Antaktika, kuwa jembamba kuliko lilivyo, na joto linalomezwa na bahari hukadiriwa visivyo. Hali kadhalika, atafutaye chombo kilichopotea baharini hawezi kuupuuza msogeo wa Stokes.

Haba na haba hujaza kibaba. Hatua ya tone moja ni ndogo mno, jicho haliitambui. Lakini hatua hizo zikikusanyika huigeuza bahari juu chini. Nanyi vijana, mwonapo jambo ambalo wengine hulipita kila siku, simameni kidogo mkaulize sababu yake.