Utafiti Ulioandikwa Kwetu, Ukasomwa Kwingine

Muulize mkulima wa Endebess amepanda nini, naye atakujibu kwa tarakimu: 614, au 6213. Nilipokuwa nikifundisha kilimo huku, kila mwaka niliwauliza kidato cha tatu tarakimu hizo zilianzia wapi. Jibu lilikuwa lile lile: "Dukani, mwalimu."

Zilianzia Kitale, mwendo mfupi wa matatu kutoka darasani petu. Mwaka 1955 mtafiti Michael Harrison alianza kuzalisha mbegu za mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale. Mwaka uliofuata Kenya Seed Company ikaanzishwa mjini humo humo, na kwanza biashara yake ilikuwa mbegu za nyasi za malisho, maana walowezi walifikiria ng'ombe kuliko ugali. Harrison alikwenda Amerika ya Kusini kutafuta mbegu, na kati ya alizorudi nazo yalikuwamo mahindi ya milimani kutoka Ecuador. Yakachavushwa na mahindi ya Kitale, na chotara lililopatikana likazaa takriban asilimia 40 zaidi ya mzazi wake wa huku. Mwaka 1964 wakulima wakapewa mbegu iliyoitwa H611. Hizo 614 tunazogombania dukani mvua za Machi zinapokaribia ni za ukoo huo.

Yote hayo yaliandikwa, tena kwa jedwali na vipimo. Mwaka 1972 Darrah, Eberhart na Penny walichapisha matokeo ya majaribio ya kuzalisha mahindi nchini Kenya, na jarida walilochagua ni Crop Science la Marekani. Siwalaumu, mtafiti huchapisha pale wenzake wanaposoma. Lakini hebu fikiria: mahindi yamepandwa kwetu, yamepaliliwa na kuvunwa na vibarua wa kwetu, kisha hesabu yake ikavuka bahari na kutuachia gunia.

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko Harrison. Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo na ndege, alianzisha makumbusho yake binafsi hapa Trans Nzoia mwaka 1926. Miaka ya 1930 alikuwa hata na jarida lake, Bulletin of the Stoneham Museum, ambamo alieleza wadudu aliowapa majina ya kisayansi. Naam, jarida la sayansi, Trans Nzoia, kabla ya Vita Kuu ya Pili! Wataalamu wa wadudu wa ng'ambo hulitaja hadi leo. Mtoto wa kibarua aliyemwona bwana akikimbiza kipepeo kwa wavu hakuwa na njia ya kujua kipepeo yule amepewa jina gani. Stoneham alifariki mwaka 1966 na kuusia mkusanyiko wake pamoja na vitabu. Kutokana na wosia huo, mwaka 1974 Kitale ikapata makumbusho ya umma.

Pango la Kitum nalo liko Mlima Elgon, juu yetu, ukiingilia lango la Chorlim. Makala ya madaktari kuhusu ugonjwa wa Marburg nchini Kenya, uliompata mgonjwa aliyekuwa amelitembelea pango hilo, ilitoka katika The Lancet mwaka 1982. Wanafunzi wangu waliijua habari hiyo kama uvumi wa mapopo na laana.

Intaneti ilipokuja tulidhani mlango umefunguka. Kweli ulifunguka, ila si kwetu sote. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza TEEAL, maktaba ya majarida ya kilimo iliyojazwa kwenye CD, ikilenga nchi maskini. Mwaka 2003 FAO ikaleta AGORA, mpango wa aina hiyo hiyo, mtandaoni. Ni mipango mizuri, nami naisifu, lakini ilipokuwa ikipangwa aliyewaziwa ni mtafiti na mhadhiri. Wa kidato cha tatu hakuwa kwenye picha.

Niliona jambo hilo kwa macho yangu katika saiba moja mjini Kitale. Mwanafunzi wangu alikuwa akiandaa mradi wa kilimo, akapata makala juu ya udongo wa magharibi mwa Kenya. Muhtasari ulikuwa mistari michache, na chini yake kisanduku kikamtaka achague taasisi yake. Akaandika jina la shule yetu, herufi kwa herufi. Orodha haikuwa nayo. Akalipia dakika zake akatoka.

Wapo wanaosema makala hizo ni ngumu kwa watoto. Ngumu ni dibaji. Jedwali la magunia kwa ekari mtoto wa Endebess analisoma kuliko profesa, kwa kuwa ameyabeba mgongoni.

Na si kila lango lina kufuli. JSTOR, hazina ya majarida iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995 kwa fedha za wakfu wa Mellon ili kupunguza msongamano kwenye rafu za maktaba, iliamua mwaka 2006 kuziondolea ada taasisi za Afrika zisizofanya biashara. Mwaka 2011 ikafungua kwa watu wote majarida yake ya zamani sana. Uganda Journal, lililoanza 1934 na kuandika mengi kuhusu majirani zetu wa upande wa pili wa Elgon, limewekwa bure mtandaoni na Chuo Kikuu cha Florida. African Journals OnLine, iliyoanza 1998, ina majarida ya Kiafrika ambayo mengi yake hayadai chochote.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni mtu wa kuandika barua za kuomba nafasi hizo. Chuo kikuu kina mkutubi anayelipwa kufuatilia leseni; shule zetu nyingi zina mwalimu wa Kiswahili aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu. Basi walimu wakuu wa Endebess, Kitale na Bungoma, msisubiri wizara. Mteueni mwalimu mmoja, mpunguzieni vipindi, na aombe kwa jina la shule. Na mkishapata nenosiri, libandikeni ukutani maabara, lisikae kwenye droo ya ofisi.