Homa ya Mafua ya 1918 na Tatizo la Kumbukumbu ya Chanjo katika Mpaka wa Tunduma

Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mbeya mwaka 2016, lakini njia zinazoukata ni kongwe kuliko jina lake. Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi, palipokuwa na misheni ya Wamoraviani, kisha likavuka mpaka na kushambulia Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa jirani na Tunduma ya leo. Tarehe 25 Novemba lilisalimu amri Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala. Historia za kijeshi kwa kawaida huishia hapo. Hata hivyo, kwa Wanyiha na Wanyamwanga, ambao nchi yao iligeuzwa kuwa barabara ya majeshi, kulikuwa na jambo zito zaidi: ndani ya misafara ya pande zote mbili homa ya mafua na nimonia zilikuwa zimekwisha kuingia. Baada ya kusalimu amri, askari na wapagazi wa Wajerumani walipelekwa Tabora, na wengi walifia huko kwa ugonjwa huo.

Homa hiyo ilikuwa na tabia isiyo ya kawaida ya kuwaua zaidi vijana na watu wa makamo. Katika nyanda za kusini-magharibi hao ndio waliokuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita, na ndio waliotarajiwa kurudi kulima mvua za Novemba zinapoanza. James Ellison, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2003, ameihusisha homa hiyo na njaa kali iliyofuata. Hoja yake ina uzito, kwa maana inaeleza kwa nini vita, maradhi na njaa husimuliwa kama msiba mmoja. Anayetaka kuvitenganisha katika simulizi ili apate tarehe safi huenda akaharibu ushahidi anaoutafuta.

Ugumu mkubwa zaidi unahusu chanjo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1918 hawapo tena. Kinachopatikana leo ni kumbukumbu za kurithiwa. Msimulizi akisema kwamba wazee wake “walichanjwa” wakati wa homa kubwa, neno hilo halipaswi kupokelewa kwa maana ya zahanati pekee. Kuchanja ni kukata ngozi, na mganga aliyechanja chale na kupaka dawa alitumia kitenzi hicho hicho kabla ya daktari kukiazima. Vilevile kovu la begani, ambalo huonyeshwa kama uthibitisho, ni alama ya chanjo ya ndui, iliyotolewa kwa wingi hadi kampeni ya kuutokomeza ugonjwa huo mwishoni mwa miaka ya 1960, au ya kifua kikuu. Chanjo ya mafua haiachi kovu la namna hiyo. Isitoshe, virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa London mwaka 1933, na chanjo yake ikaidhinishwa Marekani katika miaka ya 1940. Mwaka 1918 madaktari wengi bado waliamini kuwa chanzo ni bakteria, na hata palipotengenezwa chanjo kwa msingi huo, haikuweza kuwakinga watu dhidi ya virusi.

Kwa hiyo simulizi la aina hii si la uongo. Limehamisha tu tukio kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine. Suala hili lilipata umuhimu mpya Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya UVIKO-19 na malori kukwama Tunduma, na tena tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya ugonjwa huo kwa kuchanjwa hadharani. Kaya iliyorithi habari ya chale, kaya iliyorithi kovu la ndui na kaya iliyorithi njaa peke yake hazikulisikia neno “chanjo” kwa namna moja. Mtafiti wa Songwe anapaswa kuuliza kwanza ni nani aliyechanja, kwa kifaa gani, na alama ilibaki wapi mwilini.