Barakoa, chanjo na mpaka: Kanuni za UVIKO-19 zilivyomgusa mkazi wa Karagwe na Kyerwa

Ukisimama Murongo, wilayani Kyerwa, Uganda unaiona kwa macho. Kati yako na Kikagati ni Mto Kagera tu. Ukienda upande wa magharibi wa wilaya, ng'ambo ya mto huohuo ni Rwanda.

Kwa hiyo korona ilipoingia, mkazi wa huku hakuishi na kanuni za nchi moja. Aliishi na za nchi tatu, na hazikufanana hata kidogo. Upande mmoja watu wako sokoni, upande mwingine hakuna kutoka nje usiku. Ndugu wanaoelewana Kinyambo na Kinyankole wakawa wanaulizana kwenye simu: huko kwenu mnaruhusiwa nini?

Miaka imepita, lakini maswali hayajaisha. Kila mlipuko wa ugonjwa ukitangazwa Kagera, watu wanarudi kuulizana: shule zitafungwa? Barakoa ni lazima? Nisipochanja nitanyimwa huduma?

Huu hapa mwongozo mfupi wa kilichotokea kweli, uweze kutofautisha agizo, ushauri na maneno ya kijiweni.

Kwa kifupi

- Tanzania haikuwahi kufungia watu ndani nchi nzima. Ilifunga shule, vyuo na mikusanyiko.
- Shule zote zilikuwa zimefunguliwa ifikapo 29 Juni 2020.
- Chanjo ilianza Julai 2021. Ilikuwa bure na ya hiari.
- Uganda na Rwanda zilibana zaidi, na mpaka ukawa wa mizigo kuliko abiria.
- Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023.

Kufunga na kufungua: tarehe za kukumbuka

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020 na Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu. Alikuwa Mtanzania aliyerudi kutoka Ubelgiji na kuingilia Kilimanjaro.

Kesho yake, 17 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule kuanzia chekechea hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Mikusanyiko na ligi za michezo zikasimama. Vyuo vikafuata. Siku 30 zilipokaribia kwisha, Aprili 2020, muda ukaongezwa bila kutaja mwisho.

Vitu viwili havikufungwa: nyumba za ibada na masoko. Rais John Magufuli alisema wazi kwamba makanisa na misikiti iendelee. Ndiyo maana wengi wanakumbuka kipindi kile kwa ndoo zenye koki mlangoni, vibuyu chirizi, na nyungu za kujifukiza, kuliko kwa kukaa ndani.

Kufungua kulienda hivi:

- 18 Mei 2020: ndege za kimataifa zaruhusiwa tena.
- 1 Juni 2020: vyuo na kidato cha sita warudi, michezo yaanza.
- 29 Juni 2020: shule zilizobaki zafunguliwa.

Kuna jambo moja hapa lisilopaswa kurukwa. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo, zaidi ya mwaka mzima, mwananchi wa kawaida hakuwa na namba rasmi ya kumwonyesha hali ikoje. Alibaki na alichokiona mwenyewe mtaani na kilichotumwa WhatsApp.

Mwezi huohuo wa Mei, akiwa Chato, Rais alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara na kukutwa na korona. Kwa wengi, imani kwa vipimo iliishia hapo.

Ng'ambo ya mto mambo yalikuwa tofauti

Uganda ilifunga shule Machi 2020. Mipaka ikafungwa kwa abiria, malori ya mizigo yakaendelea kupita. Usafiri wa umma ukasimama, kisha ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Madarasa ya mitihani yalirudi kwanza, mengine yakafuata kwa awamu, halafu Juni 2021 yote yakafungwa tena. Shule za Uganda zilifunguliwa kwa madarasa yote 10 Januari 2022.

Linganisha sasa. Mtoto wa upande wa huku alikaa nyumbani takribani miezi mitatu na nusu. Wa ng'ambo, kama hakuwa darasa la mtihani, alikosa masomo kwa sehemu kubwa ya karibu miaka miwili.

Rwanda nayo ilifunga nchi Machi 2020. Barakoa ikawa lazima, na kutovaa kulikuwa na adhabu. Mwishoni mwa 2021 ikaongeza sharti: kuingia maeneo ya umma na kupanda usafiri wa umma, uwe umechanja. Mipaka yake ya nchi kavu ilifunguliwa 7 Machi 2022, na sharti la barakoa nje likaondolewa Mei 2022.

Upande wa Tanzania, kuanzia Mei 2021 wanaoingia nchini walitakiwa kuwa na cheti cha kipimo kilichofanyika ndani ya saa 72. Tarehe 17 Machi 2022, waliokamilisha chanjo wakaondolewa sharti hilo.

Somo kwa mtu wa mpakani ni hili: kanuni ya nyumbani kwako haikulindi ng'ambo. Mtu aliyezoea kutembea bila barakoa Karagwe, akivuka alikuwa mkosaji. Na aliyekuwa na biashara ya kuvuka kila siku, kipato chake kiliamuliwa na serikali ambazo hakuzipigia kura.

Barakoa: ilikuwa amri au ushauri?

Jibu fupi: nchi nzima kwa ujumla, ulikuwa ushauri. Sehemu fulani, ilikuwa amri.

Baadhi ya mikoa ilitoa maagizo yake. Dar es Salaam, kwa mfano, ilitoa agizo la barakoa Aprili 2020. Sehemu kama hospitali zilikuwa na masharti yao, na hayo unayafuata ukiwa pale hata kama barabarani hakuna anayekuuliza.

Ujumbe wenyewe ulibadilika njiani. Februari 2021 Rais Magufuli aliwaambia Watanzania kuwa hajakataza barakoa, ila watumie zilizotengenezwa nchini. Mafundi cherehani, waliokuwa wakishona za vitambaa tangu mwanzo, walipata kazi tena. Katikati ya 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Wizara ya Afya ilirudi kuhimiza barakoa, kunawa mikono, kuachiana nafasi na mabasi kubeba abiria waliokaa tu, ile tuliyoita levo siti.

Chanjo: nani, lini, kwa masharti gani

Hapa ndipo mkanganyiko ulikuwa mkubwa, na siyo kosa la wananchi.

Januari 2021, kiongozi mkuu wa nchi alitilia shaka chanjo hadharani. Mwezi uliofuata wizara ikasema haina mpango wa kuzipokea. Machi akafariki. Rais mpya akaunda kamati ya wataalamu, na Mei 2021 kamati ikashauri nchi ianze kutumia chanjo.

Tarehe 24 Julai 2021 zilipokelewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kupitia mpango wa COVAX. Siku nne baadaye, Rais Samia alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera.

Yaani ndani ya miezi sita, mtu wa Ihembe alisikia "msikimbilie chanjo" na "njooni mchanje" kutoka serikali ileile. Aliyesita hakuwa mjinga. Alikuwa anasikiliza.

Utaratibu ulikuwa hivi:

- Walioanza: watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa sugu. Baadaye ikawa kila mwenye miaka 18 na kuendelea.
- Gharama: bure.
- Ridhaa: hiari. Aliyekubali alijaza fomu ya ridhaa kwanza.
- Dozi: Johnson & Johnson ilikuwa dozi moja. Sinopharm, iliyofika Oktoba 2021, ilikuwa mbili.
- Cheti: aliyemaliza alipata cheti cha kuthibitisha, kilichohitajika zaidi na wasafiri.

Kama cheti chako bado unacho, kitunze pamoja na kadi zako nyingine za afya. Hakichukui nafasi kubwa.

Motisha: kuna aliyelipwa ili achanje?

Kila nchi ilikuwa na ujanja wake.

Jimbo la Ohio, Marekani, lilianza kuchezesha bahati nasibu Mei 2021. Watu wazima watano waliochanja walishinda dola milioni 1 kila mmoja. Utafiti uliofanyika baadaye haukupata ushahidi kwamba bahati nasibu hiyo iliongeza wachanjwaji.

Kenya ilijaribu kubana. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa kuanzia 21 Desemba, asiyechanja hatapata huduma za serikali za ana kwa ana. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo kabla halijaanza.

Tanzania haikujenga mpango wake juu ya zawadi wala vitisho. Mwanzoni chanjo ilikuwa kwenye vituo vichache vilivyoteuliwa, na mwitikio ukawa mdogo. Chanjo ni bure, sawa, lakini nauli ya boda kwenda na kurudi siyo bure, na siku ya shamba ikipotea imepotea.

Ndipo ukaja Mpango Shirikishi na Harakishi, mwishoni mwa 2021. Chanjo ikawafuata watu walipo: minadani, stendi, kwenye nyumba za ibada, na nyumba kwa nyumba. Viongozi wa dini, wenyeviti wa vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakaingia kazini. Mwaka 2022 idadi ya waliochanja ilipanda sana nchini.

Kwa hiyo motisha iliyofanya kazi haikuwa pesa. Ilikuwa ukaribu, na mtu unayemfahamu kuja kukujibu maswali yako bila kukugombeza.

Kuna pesa nyingine iliyochanganya watu. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa Sh1.3 trilioni za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), maarufu kama "fedha za UVIKO". Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchini, na Januari 2022 waliofaulu kwenda kidato cha kwanza wakaingia kwa mkupuo mmoja. Hayo hayakuwa malipo ya kuchanja. Mtoto alikaa kwenye darasa hilo awe wazazi wake wamechanja au la.

Marburg ilikuja na kanuni zake

Kagera haikupumzika. Tarehe 21 Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua, 6 walifariki, na mlipuko ukatangazwa kwisha 2 Juni 2023. Tarehe 20 Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa, 2 wakithibitishwa na maabara na 8 wakidhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki. Mwisho ulitangazwa 13 Machi 2025.

Wengi walikimbilia kutafuta barakoa. Lakini Marburg haisambai kama korona. Inaenea kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, pamoja na nguo na shuka zake. Hivyo kanuni zake ni tofauti:

- Usimhudumie mgonjwa anayeshukiwa kwa mikono mitupu. Toa taarifa.
- Usioshe wala kugusa maiti ya anayeshukiwa. Maziko yasimamiwe na wataalamu.
- Aliyekuwa karibu na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21.
- Hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Anayekuuzia "chanjo ya Marburg" anakuibia.

Hili la maziko ndilo gumu kuliko yote. Kwa desturi zetu, kumuaga mtu bila kumgusa ni kama kumtupa. Lakini mkono mmoja kwenye maiti unaweza kuondoka na familia nzima.

Agizo jipya likija, uliza maswali haya manne

1. Nani ametoa? Wizara, mkoa, wilaya, au ni ujumbe uliosambazwa tu? Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayowapa maofisa wa afya nguvu ya kuchukua hatua dhidi ya magonjwa ya kuambukiza. Sauti ya WhatsApp isiyo na jina haina nguvu hiyo.
2. Linahusu wapi? Agizo la Bukoba au Dar es Salaam si lazima likuhusu uliye Kayanga. La Uganda linakuhusu ukishavuka.
3. Linaanza lini, linaisha lini? Tangazo la mwaka 2020 bado linaweza kuzunguka leo. Angalia tarehe kabla ya kusambaza.
4. Ugonjwa huu unaeneaje? Wa hewa una kanuni zake, wa kugusa una zake.

Ukikwama, piga 199 bure, namba ya Wizara ya Afya. Au nenda zahanati iliyo karibu, umuulize mhudumu ana kwa ana. Na kama una safari ya Murongo kesho asubuhi, mpigie kwanza mtu aliye ng'ambo ujue kwao siku hiyo kunaruhusiwa nini.