Wapagazi wa Vita Kuu, 1914–1918

Kila mwaka kitabu hiki huorodhesha majina ya wanachama waliofariki, pamoja na fedha zilizotolewa kwa mazishi yao. Naomba ruhusa ya wazee niwakumbushe habari za watu wa nchi hii ambao hawakupata heshima hiyo.

Vita vilipozuka Agosti 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana hata katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Reli zilikuwa chache, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Basi mzigo ukawekwa kichwani pa mwanadamu. Na tuhesabu kidogo: mtu huchukua ratili 50 za unga, naye hula ratili 2 kila siku. Akienda mwendo wa siku 12 na kurudi, ameumaliza karibu wote peke yake, na askari aliye mbele hajapata kitu. Hivyo kadiri jeshi lilivyosonga kusini, wapagazi walizidi kutakiwa, wengine wakiwabebea chakula wapagazi wenzao.

Wachache walikwenda kwa hiari. Mwaka 1917, chini ya Bwana John Ainsworth, machifu waliamriwa watoe watu wilaya kwa wilaya, na vijiji vingine vikabaki na wanawake, watoto na wazee. Mshahara, uliokuwa rupia 10 hapo kwanza, ulikuwa umeshushwa hata 5.

Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya malaria na kichomi. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, na njiani hapakuwa na sufuria wala nafasi ya kuupika ukaiva. Matumbo yao yakaharibika. Hesabu ya serikali ilitaja vifo zaidi ya 40,000 upande wa Waingereza, lakini wanahistoria wengine hukadiria kuwa vilipita 90,000. Wengi walizikwa kando ya njia, na mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia warithi.

Waliorudi walikuta mafua makuu ya 1918 na njaa iliyofuata, kwa maana mashamba yalikosa wa kuyalima. Mwaka 1919 serikali iliwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani. Mpagazi hakugawiwa kitu. Mwaka 1920 kodi ilipandishwa kutoka rupia 5 hata 8, na kipande kikatiwa shingoni. Haishangazi kwamba Harry Thuku alipoanza kusema mwaka 1921 alipata wasikilizaji wengi.

Jina la Kariokor mjini Nairobi latokana na kikosi hicho cha wapagazi. Sanamu yao iliwekwa mjini humo mwaka 1928, nayo haina hata jina moja la mtu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi.